Nguruwe Hangoji Karatasi

Vibanda vya Wafanyakazi,
Nje ya Graz,
Austria.

Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa mpwa wangu Relja,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako aliye mbali. U hali gani, mwanangu? Kifua kimekuachia? Mama yako aliniambia kwamba unakohoa tangu mvua zianze, na kwamba bado unatoka kazini usiku, kwenye lile duka la kubahatisha mechi, ukiwa na koti wazi. Funga koti. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, na huu mgongo nimeshauzoea kama mtu anavyozoea jirani mbaya.

Jana ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, na kwa mara nyingine sikuwapo mezani. Likizo yangu niliimaliza Oktoba kwa ile kazi uliyonituma. Huku niliwasha mshumaa ndani ya kikopo cha mchanga, nikauweka dirishani. Mkate wa sikukuu hauokeki kwenye jiko letu la umeme, kwa hiyo Daktari, huyu ninayelala naye chumba kimoja, alinunua keki dukani tukaikata msalaba kama inavyotakiwa. Ni Mwislamu wa Bosnia, lakini alisimama kwa adabu kuliko shemeji zangu wote. Nikataja majina ya wazima, nikataja na ya marehemu. Jina lako nililitaja mara mbili.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatia. Siku ile nilipoanza tu kusema habari za chuo, ukaniambia mteja amefika dirishani. Nilisikiliza vizuri, Relja. Hapakuwa na mteja.

Barua hii nampa dereva wa basi la Ijumaa. Kahawa na sabuni atamwachia mama yako kituoni kama kawaida, ila barua nitamwapisha akupe wewe mkononi, hapo dukani kwako. Isome ukiwa peke yako, kisha uamue mwenyewe nani mwingine aisome.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama bado kuna njia yoyote ya kuipata ile digrii yako ya mifumo ya taarifa, maadamu programu ya zamani imefungwa. La pili, kama njia hakuna, nikutafutie nafasi huku kwetu kwenye nondo. Nitayajibu yote mawili, lakini niache niende kwa mwendo wangu. Mimi shule niliiacha mwaka wa pili wa ufundi, na jambo zito siwezi kuliandika bila kulizunguka kwanza.

Chuoni nilikwenda Jumanne moja ya Oktoba, asubuhi. Nilivaa koti nililovaa kwenye harusi ya mama yako, na bado linafunga kifungo cha juu. Nikabeba pakiti ya kahawa na boksi la chokoleti, maana kwetu sijapata kuona dirisha la ofisi likifunguka kwa mikono mitupu. Foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Wengi walikuwa watu wazima kama wewe. Mmoja alikuwa na mtoto begani, mwingine kichwa kizima mvi. Sikuhitaji kuuliza wanangoja nini. Wote walikuwa wa programu ya zamani.

Na wote, mwanangu, walikuwa na neno lile lile midomoni. Tarehe ya mwisho imepita wiki mbili nzima, na mama mmoja aliyesimama nyuma yangu, aliyekuja kwa niaba ya mwanawe, ananiinamia na kuninong'oneza kama anayetoa siri ya hazina:

"Watasogeza tu, kaka. Usiwe na wasiwasi. Mwanangu ana rafiki wizarani, kasema imebaki saini."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Hilo ndilo kosa letu sisi, na sijui kama kuna watu wengine duniani wanaolifanya hivi tulivyolifanya sisi. Mwaka wa kwanza walisogeza tarehe, nawe ulikuwa umebakiza masomo manne. Mwaka uliofuata wakasogeza, umebakiza matatu. Kila Septemba watu waliandamana na mabango, kila Oktoba redio ikasema wamepewa mwaka mmoja zaidi. Tukazoea. Baba yako alisema serikali hii imeshindwa kufunga bomba linalovuja mbele ya ofisi ya posta, itaweza kufunga programu? Mama yako akasema tuchume cheri kwanza, mitihani haiozi mtini kama matunda. Mimi nami nikasema ulale usingizi. Ukaacha kujiandikisha mtihani wa Septemba, ule mmoja uliobaki, wa takwimu, ili uufanye Novemba ukiwa umejiandaa sawasawa.

Ukajiandaa sawasawa. Na mwaka huu hawakusogeza.

Dirishani alikuwa Slobodanka, yule unayemwogopa, mwenye miwani ya mnyororo. Nilipoweka kahawa yangu juu ya ubao, hakuinua hata uso.

"Mzee, iondoe hiyo kahawa. Leo kila mtu kaniletea kahawa. Nikiinywa yote moyo utasimama, mtabaki na dirisha tupu."

"Basi chukua chokoleti, dada."

"Chokoleti acha."

Nikamtajia jina lako. Akaandika kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akavua miwani.

"Huyu wa takwimu! Namjua huyu. Si angemaliza mwaka juzi?"

"Angemaliza," nikasema. "Hilo ndilo jina lake la ukoo siku hizi."

Alicheka kidogo, na kutoka hapo akasema nami kama binadamu. Alinieleza yote, polepole, mara mbili, huku watu wakiguna nyuma yangu. Nakueleza nilivyomwelewa. Zamani walihesabu miaka na mitihani. Sasa wanahesabu alama. Digrii ya kwanza ya mifumo ya taarifa inataka alama mia mbili na arobaini, kila somo lina alama zake, na alama za masomo yako ya zamani hazihami zenyewe. Inakaa kamati, inalinganisha somo kwa somo, kama mtu anayejaribu vifuniko vya sufuria za jirani kwenye sufuria zake.

Hisabati zote mbili zinafaa. Uchumi unafaa. Kiingereza kinafaa, na nilifurahi, maana nakumbuka ulivyokuwa unakariri ukitembea shambani kwetu, nguruwe wakikutazama. Lakini ule upangaji wa programu za kompyuta uliousoma miaka miwili hautambuliwi. Slobodanka alisema lugha ile ya kompyuta imekufa. Nikamuuliza kama aliyeisoma anazikwa nayo. Akasema kwa kanuni hii, ndiyo.

Halafu akanisomea yanayotakiwa na ambayo huna. Mitandao. Usalama wa mifumo. Uchambuzi wa mahitaji, sijui mahitaji ya nani. Usimamizi wa miradi. Masomo ya hiari, ambayo hayana hiari yoyote kwa sababu usipoyachukua humalizi. Takwimu yako ile ile, imelala pale mlangoni kama mbwa asiyekufa. Mafunzo ya vitendo yenye muhuri wa kampuni. Mwisho kabisa kazi ya kuhitimu, uitetee mbele ya walimu watatu. Kuhudhuria ni lazima, asubuhi, maabara, na majina yanaitwa. Nilimwambia una zamu dukani. Akasema hata yeye ana zamu.

Nikadhani angalau kuna mahali pa kuanzia. Nikamuuliza nitie saini wapi ili uhamishiwe. Ndipo aliponiambia kwamba maombi ya kuhamia programu mpya nayo yalikoma siku ile ile, mwisho wa Septemba. Aliyekuwa anangoja tarehe isogezwe hakuomba kuhama, kwa sababu kuomba kuhama ni kukubali kwamba haitasogezwa. Sasa kilichobaki ni kuingia upya. Mtihani wa kuingia ni mwezi wa Juni.

"Kama mtoto wa miaka kumi na tisa?"

"Kama mtoto wa miaka kumi na tisa, mzee. Na atakaa nao benchi moja."

Nilijaribu la mwisho. Nilimwambia, dada, mimi ni mtu wa ujenzi. Mtu akiinua nyumba mpaka kwenye lenta, hata kama hajapaua, huwezi kusema hana kitu. Mpeni basi karatasi ya kuta.

"Hapa kwetu," akasema, "nyumba isiyopauliwa inahesabiwa kiwanja."

Hakusema kwa ubaya. Aliifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Kisha akaivuta chokoleti, akaifungua, akachukua moja, akanipa mimi moja, akalisukuma boksi kwa yule mama wa wizarani lipite nyuma. Lilikwenda foleni nzima mpaka kwenye ngazi. Tulikula, kila mtu moja, kama tunavyokula ile ngano ya kuchemsha mazishini.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Ukitaka acha kusoma hapa, upumzike, uendelee kesho.

Kutoka chuoni nilipitia kwenye ghala la baridi la Gvozden, pale mnapouzia cheri. Slobodanka alikuwa amesema kwamba siku yoyote ukianza upya, mafunzo ya vitendo yanaweza kuhesabiwa kama yana muhuri wa kampuni. Nikaona nisirudi nyumbani mikono mitupu, nikuletee angalau muhuri. Ulimtengenezea mtu yule mfumo mzima kwa ajili ya kazi yako ya kuhitimu, na anautumia mpaka leo.

Anautumia kweli, Relja. Nilisimama pale mizani nikauangalia. Watu walikuwa wanaleta plamu za mwisho wa msimu. Binti anapokea kreti, anabonyeza, jina la mwenye shamba linatokea, uzito, daraja, basi, karatasi inatoka, mtu anaondoka. Hakuna anayegombana. Zamani pale watu walitoana damu kwa ajili ya daraja la pili. Gvozden mwenyewe alikuja akanipiga begani.

"Injinia hajambo? Mwambie kazi yake dhahabu. Tangu tuiweke hakuna anayenibishia uzito."

"Basi mpigie muhuri kwamba alifanya mafunzo ya vitendo kwako."

"Muhuri?" Akautoa mkono wake begani kwangu. "Kaka Sveto, nikipiga muhuri watu wa kodi watauliza alilipwa nini."

"Waambie ukweli."

"Ukweli ni kreti la cheri."

"Daraja la pili," nikamwambia. "Mama yake alizifanya jamu, hazikufaa kwa kitu kingine."

Hakupiga muhuri. Lakini nilitaka ujue kwamba mfumo wako unafanya kazi. Ni jambo jema pekee nililo nalo katika barua hii, na najua kwamba halikusaidii kitu.

Nililala kwa bibi yako Stamena. Mama yangu amekuwa mdogo, Relja, kila nikija namkuta amepungua kidogo, kama sabuni. Akili lakini ipo yote, na ulimi pia. Alinipikia maharage akanilaumu kwa kuyala taratibu.

Unajua ninakokwenda. Siku uliyomaliza kusikiliza masomo ya mwaka wa mwisho, miaka minane iliyopita, ulimwambia wazi kwamba mitihani bado mingi na karatasi haijapatikana. Alikuelewa vizuri sana. Wengine kwetu siku kama ile hununuliana bia na wenzao, yakaisha. Yeye alimchoma nguruwe mzima na kuita matarumbeta. Wewe ulimkataza, na baba yako alimkataza, nami nilimkataza kwenye simu. Alitujibu sote jibu moja: "Sitangoja karatasi. Karatasi inaweza kungoja, nguruwe hangoji. Na mimi ni kama nguruwe." Alidhani anakufa majira yale ya baridi. Hakufa. Wewe ukabaki na jina la Injinia.

Nakumbuka nilivyokuona mwaka uliofuata, pampu ya maji ya jirani imekufa, mtoto anatumwa mbio: "Mwiteni Injinia!" Ulikwenda. Uliinama pale kwenye matope ukaifungua pampu ambayo hujawahi kuisoma popote, masikio yako mekundu. Tangu hapo ukaanza kuja kijijini usiku na kuondoka alfajiri. Wanadhani una kazi nyingi.

Safari hii aliniuliza: "Injinia bado yuko pale penye mechi? Ndiye anayezitazama zile mashine?"

Nikasema ndiye.

"Basi nao wasimchoshe," akasema. "Mtu mwenye shule kama ile." Akanionyesha juu ya kabati ile chupa ya rakija, pombe kali ya plamu, aliyoiweka kwa ajili ya siku ya karatasi. Anaifuta vumbi kila Jumamosi. Sikumwambia kitu. Wewe pia usimwambie kwa sasa. Si uongo kunyamaza mbele ya mtu wa umri ule, au kama ni uongo, niandikie mimi.

Sasa la pili.

Kazi yetu ni kuinama. Tunapanga nondo, tunazifunga kwa waya, msokoto mmoja wa koleo, hatua moja, msokoto mwingine. Asubuhi za baridi chuma kinashika glavu. Ukivuta mkono, glavu inabaki. Zege likishamwagwa hakuna atakayeona ulichofunga, ulifunga vizuri au vibaya, mpaka nyumba ianguke. Nyumba za huku hazianguki. Kwa hiyo hakuna atakayeona kamwe. Mshahara unaingia kwa wakati, hilo siwezi kuwasema vibaya. Jioni unakula ulichopika kwa wingi Jumapili, unampigia mtu simu, unalala. Nimefanya hivi tangu ulipokuwa huwezi kufunga kamba za viatu.

Si kazi mbaya. Nakwambia tu inavyokuwa, ili usije kunitazama siku moja na kuuliza mbona hukusema. Baada ya miaka michache unaanza kusema "nyumbani" ukiwa na maana ya kibanda. Siku hiyo niliyojisikia nikisema hivyo nilikaa nje kwenye marundo ya mbao mpaka Daktari akaja kunitafuta.

Nilimwambia Hubert, msimamizi wetu, habari zako. Ni mtu wa hapahapa, mwekundu, si mbaya.

"Amesoma nini huyo mpwa wako?"

"Mifumo ya taarifa."

"Amemaliza?"

"Amesikiliza masomo yote."

Alicheka mpaka akashika kofia isianguke. "Mimi mke wangu nimemsikiliza miaka ishirini, na cheti sijakiona!" Kisha akakuna shingo, akasema zege halipendi baridi, kazi itafunguka Machi, uje Machi. Basi. Hiyo ndiyo nafasi. Ilichukua muda mfupi kuliko kununua mkate.

Kabla hujafunga mizigo nisikilize. Kama ndani yako umebaki na nguvu ya kuanza upya, anza. Mtihani ni Juni. Ada nitasaidia, na chumba changu kwa bibi yako ni kitupu. Nimelisema hilo kwa moyo wote. Lakini uliniomba nisikupake asali, kwa hiyo na hili pia nalisema. Una miaka thelathini na moja. Nimejaribu kukuona asubuhi maabara, unaitwa jina katikati ya watoto, halafu jioni unawakimbilia wabahatisha mechi dirishani, miaka mitatu, minne, na mwisho wake labda wabadilishe tena programu. Nimejaribu kukuona hivyo, usiku na mchana, sijaweza. Ninakuona tu unakaa kungoja kitu kingine kisogezwe. Mimi ningekuwa wewe nisingeanza. Mungu anisamehe kwa kukuandikia hivyo, na mama yako asilione.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya nichelewe kukuandikia.

Hapa kila mtu anaitwa kwa kile alichokikosa. Daktari kwa jina lake ni Enver. Alifika mwaka wa nne wa utabibu huko Sarajevo, vita vikaja, na baada ya vita hakuna aliyemrudishia miaka ile. Mtu akijikata na waya wanapiga kelele "Daktari!", naye anakuja na plasta mfukoni, na kila mara wanacheka. Blagoja wa Makedonia tunamwita Wakili. Alibakiza somo moja tu la sheria. Kukiwa na ugomvi juu ya nani amekula soseji za nani, Wakili ndiye anayehukumu, akiwa amesimama juu ya ndoo. Mimi kwa kuwa sikufika popote wananiita Sveto tu. Nilikuwa nadhani hiyo ni aibu. Siku hizi naona nilipona.

Sikuwaambia lile jina lako la kijijini. Nakuapia kwa mshumaa wa jana. Walichosikia ni maneno ya Hubert tu, kwamba anakuja mpwa wa Sveto aliyesikiliza yote na hakupata cheti. Alhamisi moja ya mwisho wa Oktoba narudi kutoka kazini, nakuta kofia mpya ya kazi, nyeupe, imetundikwa kwenye msumari kando ya yangu. Blagoja ameiandika mbele kwa rangi nyekundu, herufi nzuri, kama za kanisani. INJINIA.

"Mjomba mtu!" anasema, anafurahi kama mtoto. "Injinia anafika lini? Tumemwekea kitanda cha juu."

Nilichukua kitambaa na mafuta ya kufutia rangi. Nilikuwa nimeshaanza kwenye herufi ya kwanza Daktari akanishika mkono.

"Iache, Sveto," akasema. "Mtu akikuta kofia tupu anadhani anangojwa awe mtu fulani. Akikuta jina, anajua ameshafika."

Sikuelewa alimaanisha kunifariji au la. Sidhani hata yeye alijua. Nikaiacha. Iko pale sasa hivi ninapokuandikia, ina doa pale nilipoanza kufuta.

Ukija, leta soksi za sufu, zile nzito anazofuma bibi yako, na jozi moja unifungie mimi. Buti utapata hapa. Vitabu usilete, hakuna pa kuviweka, na wenzako watakuomba uwasomee.

Msalimie mama yako Nadica, mwambie kahawa ya safari hii ni nzuri zaidi, aipike yeye mwenyewe asiwape wageni. Msalimie baba yako Tihomir, asipande tena kwenye paa na mguu ule. Wasalimie jirani zetu wa upande wa kisima, waliobaki. Mwambie Slobodanka, kama utakutana naye mjini, kwamba sina kinyongo.

Na umsalimie sana bibi yako Stamena, umbusu mkono kwa niaba yangu. Siku ukienda kumuaga, mwambie Injinia ameitwa kazini Austria. Atawaambia kijiji kizima, na chupa ile labda ataifungua. Hutakuwa umemdanganya, mwanangu. Huku ndivyo utakavyoitwa.

Mungu akulinde njiani na akufungie koti, maana mimi niko mbali.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda, na ambaye angetamani kuwa na barua nyingine ya kukuandikia,

Svetomir